Feni ilikuwa nzima

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, pikipiki tunaiita moto, na Mtanzania akitusikia anadhani nyumba inaungua. Siku ile kwenye mlima wa Ngomo asingekuwa amekosea sana.

Ilikuwa mwezi wa saba 2016, kiangazi kimekolea, natoka Uvira. Wakati ule wengi waliotoka bonde la Ruzizi walipitia upande wa Rwanda, kwa Bugarama, maana huko kuna lami. Mimi karatasi za pikipiki zilikuwa bado na jina la mwenye nayo wa kwanza, mpakani ningeanzia wapi? Nikashika Kamanyola, nikaanza kupanda Ngomo nyuma ya malori mawili: gia ya kwanza, vumbi mdomoni, mwendo wa mtu anayekwenda shamba.

Pikipiki yenyewe ni Honda Transalp 600, silinda mbili, ya kusafiria mbali, niliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Moto nyingi za mjini kwetu ni zile ndogo za silinda moja zinazopozwa na upepo tu. Hazina rejeta, lile sanduku la kupozea maji ya injini, wala pampu ya maji. Nilikuwa nimeendesha hizo miaka yote, na huyu mkubwa, anayepozwa kwa maji, nilimtunza vilevile: petroli, oili, mnyororo, basi. Miezi minane sikuwahi kutazama maji yake.

Katikati ya mlima nikanusa mvuke. Nikainama: kile kimpira cha kutolea maji cha kichupa cha akiba ya maji kilikuwa kinatema maji ya moto ardhini, chubwi, chubwi, kama bibi anayetema ugoro. Nikatazama sindano ya joto. Haikuwa imegusa hata alama nyekundu. Na feni, ile ya kupuliza rejeta, kimya.

Nikazima, nikakaa juu ya jiwe. Mama mmoja aliyebeba mihogo akapita.

"Imekufa?"

"Hapana, mama. Imechoka."

"Hata sisi," akasema, akaendelea kupanda bila kusimama.

Nilingoja saa nzima, nikamimina kwenye kichupa maji yangu ya kunywa yaliyobaki, na kwa kusimama mara nne nikaingia Panzi, mtaa wa Bukavu, usiku.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: maji yamechemka, feni haikuzunguka, basi feni imekufa. Jumatatu nikaenda soko la Kadutu, nikabishana mpaka koo likakauka, nikatoka na feni ya mtumba kwa dola 40. Nikaifunga mwenyewe, nikawasha pikipiki uani nikaiacha ingurume. Robo saa haikupita kimpira kikaanza kutema tena. Feni ya dola 40 ilikuwa imetulia kama ile ya kwanza.

Ndipo nikaikokota mpaka kwa Mzee. Huyu ni fundi wa malori tangu enzi za Zaire, na garaje yake, kama kila kitu Bukavu, iko kwenye mteremko. Hakufungua bolti hata moja. Aliwasha ufunguo, akachomoa waya kwenye swichi iliyo pembeni ya rejeta, akaugusisha kwenye chuma cha fremu. Feni ikanguruma.

"Ile ya zamani iko wapi?"

Nikaitoa kwenye mfuko. Akaiunganisha na betri. Nayo ikanguruma.

"Sasa hii nyingine ulinunua ya nini, mwanangu?"

Nikatazama chini. Vijana wake wawili walikuwa wamegeuka kutazama ukuta, mabega yanatikisika.

Kifuniko cha rejeta alikataa kukigusa jioni hiyo kwa sababu injini ilikuwa bado ya moto. Alinionyesha mkono wake wa kushoto, ngozi laini inayong'aa kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. "Lori. Kifuniko. Haraka," akasema, akaenda kunawa.

Asubuhi tulitoa plastiki za ubavuni, tukatega beseni chini ya pampu ya maji, na Mzee akanipa spana nifungue kile kibolti cha chini. Maji yalitoka kama machozi. Nikadhani yamekwisha. "Bado," akasema, na bila kunionya akafungua kifuniko juu. Hewa ilipoingia, maji yakaruka kwa mshale mmoja, yakavuka beseni yakanilowesha suruali hadi magotini. Yalikuwa ya kahawia, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, yananuka chuma. Tulipoyapima, ukijumlisha na yale ya suruali kwa makadirio, hayakufika lita moja na nusu. Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, haikuwemo hata tone. Mgeni wangu, au aliyekuwa nayo kabla yake, alikuwa anajaza maji ya bomba, na mimi nikaja kumalizia na ya chupa.

Kisha Mzee akanipa kifuniko. "Bonyeza hapo." Nikabonyeza mpira wa ndani kwa ukucha, ukapasuka kama ganda la karanga.

Namba nilizitafuta mwenyewe baadaye. Pwani maji yanachemka kwa nyuzi 100. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, yanachemka kwenye 95 hivi. Ndiyo maana maharagwe yetu hayana haraka. Kifuniko kizima huyabana maji ndani yakaweza kupita nyuzi 115 bila kuchemka. Changu kilikuwa hakibani chochote. Na swichi ya feni katika Honda kama ile huamka karibu na nyuzi 100. Mzee aliyasema yote hayo kwa sentensi moja: "Maji yako yanachemka feni ikiwa bado imelala."

Tuliisafisha kwa maji ya betri, yale safi yaliyochujwa kwa mvuke. Hapa angalieni, maana wauzaji wetu wengine asidi nayo wanaiita maji ya betri, soma chupa. Tulijaza, tukawasha, tukazima, tukangoja ipoe, tukamwaga. Mara tatu. Mara ya tatu yalitoka meupe, na ilikuwa saa nane mchana.

Mdogo wangu, aliyekuja kutuletea chakula, alisoma chupa ya kulanti akacheka: "Dawa ya kuzuia barafu? Bukavu?" Mzee hakucheka. Alimwambia barafu ni shida ya Wazungu, sisi dawa hiyo tunainunua kwa ajili ya kutu, na kwa ajili ya pampu. Tena akachagua ile isiyo na kemikali iitwayo silikati, akisema ile nyingine inakwangua mpira wa pampu ya pikipiki.

Tulichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri kwenye jagi nililochukua nyumbani. Jagi la Mama, la juisi. Mzee alipojua akaninyang'anya, na tulipomaliza akalitoboa kitako kwa bisibisi mara mbili. Kulanti ni tamu, akasema, mtoto akionja ataomba tena, na figo hazitakuwa na la kuomba.

Kujaza ndiko kulikotaka subira. Aliisimamisha pikipiki ikitazama juu ya mteremko ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kitu kingine chochote. Unamimina kidogo, unaminya mipira ya maji kwa mkono, mapovu yanapanda, kina kinashuka, unamimina tena. Kisha injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi, unavuta mafuta kidogo mara tatu nne, unailaza kushoto, unailaza kulia. Kila mara inameza: glu! Nilipodhani imeshiba, ilimeza tena glasi nzima. Ziliingia karibu lita mbili. Kichupa cha akiba tukakijaza mpaka katikati ya alama mbili, kifuniko kipya kikakaa.

Jioni hiyo nilipanda kutoka Essence kwenda Nyawera, foleni imebana, mbele yangu basi dogo limezima. Sindano ikapanda, ikapita pale ilipoishia kule Ngomo. Nikaanza kutafuta pa kuegesha. Halafu chini ya magoti yangu kitu kikaamka, vuuuu, hewa ya moto ikanipiga kwenye miguu. Dereva wa moto jirani akageuka: "Yaya, nini hiyo?"

"Feni," nikamwambia.

Ile ya pili niliirudisha Kadutu. Muuzaji alinipa dola 15, na kwa hizo nikanunua jagi. Mama anasema la zamani lilikuwa na mdomo mzuri zaidi.