Kumwajiri Mtu Katika Nchi Ambako Huna Kampuni

Kwa miaka mitatu nililipwa kwa ankara na kampuni iliyokuwa nchi nyingine. Mkataba uliniita mkandarasi huru, lakini saa zangu za kazi zilipangwa na msimamizi, kompyuta ilikuwa ya kampuni, likizo niliiombea ruhusa, na nilikatazwa kumfanyia kazi mtu mwingine yeyote. Nilipougua kwa wiki saba malipo yalisimama siku ile ile, na nilipokwenda kuulizia michango yangu ya hifadhi ya jamii nikakuta miaka yote mitatu haina kitu. Sasa nimo miongoni mwa wanaoandaa ajira za watu wanaoishi katika nchi ambako kampuni yetu haijasajiliwa, na kila faili linapofika mezani mimi huanza kwa kuuliza swali ambalo hakuna aliyeniulizia mimi: mtu huyu, kwa kweli, mwajiri wake ni nani?

Sheria za nchi nyingi hulijibu swali hilo kwa kutazama kazi inavyofanyika, hata kama mkataba unasema vingine. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema wazi kwamba uhusiano wa ajira upimwe kwanza kwa ukweli wa utendaji na malipo, vyovyote vile pande mbili zitakavyokuwa zimeuita. Mwezi wa Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri walikuwa na haki za wafanyakazi, ikiwamo kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, ingawa nyaraka za kampuni ziliwataja kuwa watu wanaojitegemea. Kwa hiyo anayemwita mfanyakazi wake mkandarasi ili kukwepa usumbufu wa usajili anajilimbikizia deni la kodi, michango, likizo na faini, na deni hilo huibuka mara nyingi siku watu wanapoachana kwa ugomvi.

Njia inayotumika sana siku hizi ni kupitia kampuni ya tatu inayosimama kama mwajiri wa kisheria. Kampuni hiyo tayari imesajiliwa katika nchi anakoishi mfanyakazi. Ndiyo inayotia saini mkataba wa ajira, inayokata kodi ya mapato, inayopeleka michango na kutoa hati ya mshahara. Wewe unafunga nayo mkataba wa huduma, unairudishia mshahara na michango ya mwajiri pamoja na ada yake, huku ukiendelea kuelekeza kazi za kila siku. Ninaikubali njia hii, kwa kuwa inampa mfanyakazi yale niliyoyakosa mimi, ila wanaoiuza huizungumzia kana kwamba mipaka haina. Ujerumani, kwa mfano, mpangilio wa namna hii huweza kuangukia chini ya sheria ya kuazimisha wafanyakazi, ambayo inadai leseni na kwa kawaida hairuhusu mtu yule yule kuazimwa na kampuni moja zaidi ya miezi 18.

Kuna njia nyingine ambayo watu huipita bila kuiona. Baadhi ya nchi humruhusu mwajiri wa nje kujisajili moja kwa moja kama mwajiri pasipo kufungua kampuni tanzu wala tawi. Nchini Ufaransa, kampuni ya nje isiyo na ofisi huko huweza kujisajili Urssaf, mamlaka inayokusanya michango ya hifadhi ya jamii, na kulipa yenyewe. Kwa mfanyakazi mmoja au wawili, hili ndilo ningelichunguza kwanza, kwa sababu mkataba unabaki kati ya watu wawili wanaofahamiana.

Kodi ya kampuni ni suala la peke yake, na hapo ndipo ninapoona makosa mengi zaidi. Wakurugenzi hunitajia kanuni ya siku 183 kana kwamba ni ngao. Kanuni ile, katika mikataba ya kodi baina ya nchi inayofuata kielelezo cha OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, inahusu kodi ya mshahara wa mfanyakazi anayekwenda kufanya kazi nchi nyingine kwa muda. Swali la iwapo kampuni yako imejijengea makao ya kudumu ya kibiashara nchini humo ni jingine, na hutegemea mambo kama vile mahali pa kudumu pa kazi, au mtu ambaye kwa kawaida ndiye anayefanikisha mikataba kwa niaba yako. Muuzaji mmoja anayejadiliana na wateja hadi makubaliano yanakamilika anaweza kuiingiza kampuni nzima katika kodi ya mapato ya nchi hiyo, hata kama hati yake ya mshahara inatolewa na kampuni ya tatu.

Bajeti nayo isipangwe kwa mshahara peke yake. Ufilipino, mshahara wa mwezi wa 13, yaani mshahara wa ziada juu ya ile ya miezi 12 ya mwaka, ni wajibu na unatakiwa kulipwa kabla ya Desemba 24 kupita. Brazili kuna mshahara wa 13, nyongeza ya theluthi moja wakati wa likizo, na asilimia 8 ya mshahara inayowekwa kila mwezi katika mfuko wa mfanyakazi. Mfanyakazi aelezwe mambo haya kabla ya kutia saini, kwa lugha anayoielewa vizuri.

Kifungu ambacho sikubali kikosekane kinahusu siku ambayo kampuni itafungua tawi lake na kumhamishia mfanyakazi huko. Isipoandikwa kwamba miaka yake ya utumishi inahama naye, anaweza kuanza upya kama mgeni, na likizo, notisi na malipo ya kuachishwa kazi yakahesabiwa kutoka siku ya kwanza ya mkataba mpya. Ninakidai kifungu hicho mwanzoni kabisa, wakati kila upande bado unamhitaji mwenzake.