Mteremko ndio ulionitisha: kilomita 180 na tustroki iliyotoka kufungwa

Kilomita 180 mpaka kwa mjomba, na injini ilikuwa imetembea kilomita 12 tu tangu fundi aifungue yote na kuifunga upya. Watu waliniambia panda basi, skuta utaizoesha taratibu huku mtaani. Mi nikakataa, manake kwenye foleni unakaa kwenye sailensa muda mrefu, yaani injini inaunguruma tu bila kuvuta, na ringi mpya za pistoni hazipati presha ya kuzisukuma zikalale vizuri kwenye ukuta wa silinda. Injini mpya inataka kazi, ila kazi ya kiasi.

Ni Vespa PX 150, ile ya kubadilisha gia kwa mkono wa kushoto. Injini ilikamata mwaka jana nikiwa barabarani. Sili ya kranki upande wa sumaku, ile raba inayozuia hewa isiingie, ilikuwa imechoka, ikawa inavuta hewa, petroli ikawa kidogo kuliko hewa, joto likapanda, pistoni ikavimba ikabana. Pistoni ni alumini na silinda ni chuma, alumini inavimba zaidi, basi ikishazidi joto hakuna pa kwenda. Safari hii kila kitu kipya, beringi, sili zote, silinda imechongwa kutoka milimita 57.8 mpaka 58 na pistoni ya saizi hiyo. Kabla fundi hajafunika hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, aliniita nichungulie, ukuta wa ndani una mikwaruzo myembamba imepishana kama wavu. Nikapitisha kidole, unaisikia kwa mbali sana kama msasa uliochakaa. Ile mikwaruzo ndiyo inashika oili na ndiyo inazisugua ringi mpaka zifanane na silinda, na kazi hiyo inafanyika mwanzoni tu, ikishalainika nafasi imepita.

Tustroki inalainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, na PX yangu haina pampu ya oili, unachanganya mwenyewe kwenye tangi. Kawaida ni asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Kwa tangi la kwanza fundi alisema niweke 150. Nikamuuliza kwanini nisiweke 250 kabisa, akasema hapana mdogo wangu, ukijaza oili sana petroli inayopita kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta, inapungua, unarudi kulekule kwenye joto. Hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria hata siku moja.

Nikatoka saa kumi na mbili asubuhi. Kiki ya pili ikawaka, moshi wa bluu ukatanda, nikaiacha kama dakika mbili ipate joto alafu nikaingia barabarani. Sheria niliyojiwekea ilikuwa moja, mkono wa mafuta usizidi nusu na usikae sehemu moja. Navuta mpaka 50, naachia mpaka 40, navuta tena, gia ya tatu, ya nne, narudi ya tatu. Ukiona inaanza kugugumia gia ya nne usiilazimishe, kuibebesha mzigo ikiwa na resi ndogo, yaani inazunguka polepole, kunaiumiza kuliko kuiacha izunguke kwa uhuru. Kila kilomita 20 au 25 nasimama, nazima, nasubiri mpaka nikigusa kava ya silinda mkono uweze kukaa. Mabasi yananipita, malori yananipita, hata baiskeli moja ilinipita nikiwa nimesimama na jamaa akanipungia mkono.

Kilomita ya 96 ndo mlima ulianza. Nilikuwa nauogopa tangu jana yake, kumbe mlima wenyewe haukuwa na shida, gia ya pili, mkono nusu, petroli inaingia ya kutosha na oili yake humohumo, inapanda inaimba. Karibu na kileleni nikabana klachi nikazima palepale nisome plagi, rangi yake ndiyo inakuambia kama petroli inatosha, manake ukiiacha kwanza ikae kwenye sailensa rangi inakudanganya. Nikaichomoa: rangi ya kahawia, kama kahawa yenye maziwa kidogo. Nyeupe, dalili ya petroli kidogo na joto kubwa, ingeniambia nirudi nyumbani.

Lakini nilipoiwasha tena, resi zikapanda na zikagoma kushuka. Mkono nimeachia kabisa na bado inalia juu juu. Hapo moyo ulishuka mpaka magotini, manake ndivyo ilivyoanza mwaka jana. Hewa tena. Nikazima haraka, nikafungua boksi la kabureta, nikashika kabureta yenyewe nikaitikisa na ikacheza. Zile bolti mbili ndefu zinazoishikilia zilikuwa zimelegea, moja niliizungusha karibu mzunguko mzima kabla haijashika. Nikakaza zote kidogo kidogo kwa zamu ili isipinde, nikawasha, sailensa ikatulia. Nikabaki nimekaa chini pale pembeni robo saa nzima, siwezi hata kusema nilikuwa nawaza nini.

Sasa kushuka. Watu wanadhani mteremko ndo mapumziko ya injini. Kwenye tustroki ni kinyume, oili inakuja na petroli, ukiachia mkono umefunga petroli na oili umeifunga, huku magurudumu yanaizungusha pistoni kwa kasi ileile. Inasugua karibu kavu. Mteremko ule ulikuwa wa kilomita 7 hivi na mi nikaanza nao gia ya tatu, mkono umefungwa, kwa mazoea tu. Baada ya kona ya pili nikasikia sauti imebadilika, imekuwa nyembamba, ya bati, na skuta kama inashikwa kwa nyuma. Nikabana klachi sekunde ileile. Injini haikuzima, nikavuta mkono mara mbili ikanywa, sauti ikarudi. Toka hapo mpaka chini nilishuka na breki, mwendo mdogo, na kila baada ya sekunde chache nabana klachi nainywesha kidogo. Vidole viwili vilikuwa juu ya klachi mpaka nafika, na jioni vilikuwa vimekakamaa.

Nilifika saa nane mchana. Mjomba alikuwa mlangoni, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari ameinama upande wa kulia kwenye injini, hajaniangalia mimi hata. "Usizime kwanza," akasema. Akasikiliza. Skuta ilikuwa yake miaka mingi kabla hajanipa.

Kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi kabisa tukafungua kava, tukapitia zile nati nne za hedi kwa mtindo wa msalaba. Tatu zilikuwa sawa, ya nne ikakubali kama robo mzunguko. Mjomba akafuta mikono, akauliza njia ya kurudi inapitia mlima uleule. Nikamwambia ndiyo mjomba, ila safari hii upande mrefu nitakuwa naupanda.