Maji ya Kunywa na Safari Yangu ya Kujitolea

Maandalizi yalianzia kliniki, wiki kadhaa kabla ya safari. Chanjo ya homa ya manjano haifai kusubiri siku za mwisho, kwa kuwa cheti chake hutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Nilichanjwa pia dhidi ya homa ya ini A na taifodi, nikapewa vidonge vya kukinga malaria.

Kijiji tulichokwenda kujenga madarasa hakikuwa na bomba. Maji yalitoka mtoni, mazito kwa udongo. Kila jioni tuliyaacha yatuame, tukayachuja kwa kitambaa safi, ndipo tukayabandika jikoni. Kuona mvuke hakutoshi. Lazima yatokote kwa nguvu dakika nzima, na ukiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, dakika 3, maana huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Yakishapoa tuliyamimina kwenye ndoo yenye kifuniko na koki. Kuchota kwa kikombe tulikataa kabisa, kwani mkono mmoja mchafu ungeharibu ndoo nzima. Maji hayohayo ndiyo tuliyopigia mswaki, jambo ambalo wageni wengi hulisahau.

Nililishikilia hilo kwa sababu zahanati ya pale ilikuwa na vitanda vichache. Sikutaka kitanda cha mama anayejifungua kikaliwe na mtu aliyekuja kusaidia.

Hata hivyo, mwenzetu mmoja alianza kuharisha na kutapika. Nilikesha naye. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, maana chumvi ikizidi ni hatari. Akitapika tulipumzika kidogo, kisha nikaanza tena kumnywesha kijiko kimoja kimoja. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka, na tangu mchana hakuwa amekojoa. Tulikubaliana kwamba tukiona damu kwenye choo, gari linaondoka usiku uleule. Karibu na alfajiri akaomba kusindikizwa kwenda kukojoa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Asubuhi yake tulifunga kibuyu chirizi kando ya choo: dumu lenye tundu, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni ikining'inia pembeni. Unanawa bila kugusa dumu. Watoto wa shule walikipenda, wakatuomba tuwafungie chao.

Usiku nililala ndani ya chandarua chenye dawa, pindo zikiwa zimechomekwa chini ya godoro.

Niliporudi nyumbani niliendelea na vidonge kwa wiki 4, kama nilivyoelekezwa, kwa kuwa vimelea vya malaria huweza kuwa bado mwilini mtu akisharudi. Baadaye nilipopata homa, nilianza kwa kumweleza daktari nilikotoka. Alinipima malaria palepale, na majibu yakaonyesha sina.