Wakala si mimi hapa?

Saa 12 asubuhi. Mlima uko wazi, Kibo na Mawenzi. Ukiamka saa 3 hapa Moshi utakuta mawingu tu, halafu ulalamike. Mimi nauangalia kidogo huku maji ya chai yakichemka, kisha nachomeka kompyuta kabla umeme haujabadili mawazo.

Kazi yangu ni kuchora kurasa za wavuti ambazo mtu anatafutia wakala wa akili mnemba na kuzungumza naye. Wakala huyo ni programu: unampa lengo, anapanga hatua mwenyewe, anasoma mafaili, anajaza fomu, anatuma ujumbe. Hapo kwenye kutuma ndipo panaponinyima usingizi.

Saa 2. Ukurasa wa utafutaji. Aprili 2025 Google walitoa itifaki ya A2A, yaani kanuni za mawakala kuwasiliana wao kwa wao, inayomtaka kila wakala awe na kadi yake: faili ya JSON yenye jina, maelezo, ujuzi na anwani ya kumfikia. Faili hiyo imekusudiwa kusomwa na kompyuta, na maelezo yake mafundi huwaandikia mafundi wenzao. Leo nimekuta moja inayojisifu kuwa “inaratibu mitiririko ya kazi yenye hatua nyingi”. Nani atatafuta hicho? Nimeandika: “Anasoma risiti zako na kuzijumlisha.” Chini yake nikaweka asichoweza kufanya. Mstari huo huwa naupigania, maana mwenye wakala hapendi kuuona.

Saa 5. Nimeshuka Mbuyuni kujaribisha. Dada wa kibanda cha miamala hana mteja, nikaomba dakika 10 zake.

“Za kazi, dada?”

“Nzuri kaka. Unatoa au unaweka?”

Nikampa simu yangu. Kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa Tafuta wakala. Alikisoma kwa sauti, akaangua kicheko. “Wakala si mimi hapa? Umekuja kunitafuta na nimekaa mbele yako!”

Miezi mitatu nimelitazama neno hilo bila kuliona. Tanzania nzima wakala ni mtu mwenye floti, daftari na kiti cha plastiki.

Akaendelea. Kwenye orodha hakusoma maelezo hata moja. Alibonyeza picha, binti anayetabasamu niliyemweka ili ukurasa uchangamke. “Huyu dada yuko Arusha?” Nikamwambia hayuko popote. Akanitazama kama tapeli.

Akaandika: niandikie sms ya kumkumbusha mteja deni. Kiduara kikaanza kuzunguka. Sekunde nne, tano. Akabonyeza tena, na tena. “Mtandao wako mbovu.” Majibu yakaja matatu, yote yanadai deni lilelile. Ingekuwa kazi ya kweli, mdaiwa angeona anafukuzwa na mbwa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba baada ya sekunde 10 mtu huhamisha mawazo. Mbuyuni hazifiki.

Saa 7. Mtori.

Saa 8. Nabomoa. Kitufe cha kutuma sasa kinazima kikishabonyezwa, na badala ya kiduara yanatokea maneno: “Nasoma ulichoandika…”, kisha jibu linaanza kuonekana neno kwa neno bila kusubiri limalizike. Picha ya binti nimeifuta. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha habari za ELIZA, programu iliyogeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali, na bado watu waliimwagia siri zao. Haikuwa na uso wala tabasamu. Mimi niongeze uso wa nini?

Jina ndilo limetuchukua mchana. Mwenzangu anataka “wakala” libaki, eti ndiyo tafsiri sahihi. Sahihi kwa nani? Nimeweka “msaidizi wa kompyuta”, na kabla hajatuma chochote lazima aonyeshe ujumbe wote, namba ya anayetumiwa, na swali moja: “Nitume?”

Saa 11 jioni. Nimerudi kibandani. Dada amesoma taratibu, kidole kikifuata mistari: anachoweza, asichoweza, anachogusa kwenye simu yako. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kujipongeza moyoni.

“Sasa kaka, huyu anakata shilingi ngapi?”

Nikatafuta kwenye kadi. Hakuna mahali nilipoandika.

“Ona,” akasema, akinionyesha bango la makato lililobandikwa ukutani nyuma yake.

Nimelipiga picha.