Jinsi nilivyonyoosha mawasiliano 41,000 ya redio yaliyoandikwa kwa mifumo mitatu ya saa

"Toa saa tatu tu, kazi imekwisha." Kila niliyemuuliza namna ya kugeuza saa za hapa kuwa saa ya dunia alinijibu hivyo, na jibu hilo ndilo lililovuruga kumbukumbu zangu za redio usiku mmoja. Naandika kwa sababu najua tuko wengi kwenye redio za ridhaa, yaani kuwasiliana na vituo vingine kama burudani, wenye kolsaini (herufi na tarakimu za kutambulisha kituo) zinazoanza na 5H, tulio na kaunta buku kabatini tunazotamani kuziingiza kwenye kompyuta. Msinyooshe kwa njia hiyo.

Niko Kirumba, Mwanza. Waya wa antena yangu umefungwa kati ya mwembe na jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Kuanzia 2010 hadi 2017 niliandika kila mawasiliano kwa kalamu, kaunta buku saba, kama 12,000 hivi. Mwaka 2018 nikapata laptopu na kuanza FT8, njia ya kuwasiliana kwa redio kupitia kompyuta, ambayo programu yake huandika yenyewe kila mawasiliano kwa UTC, saa ya dunia. Humo zikajaa nyingine 29,000.

Kuchapa zile za karatasi kulituchukua likizo mbili, mimi na binti yangu wa kidato cha pili. Yeye anasoma, mimi nachapa. "Baba, hii ni tano au S?" Swali hilo nililisikia mpaka ndotoni. Nikamfundisha kuangalia mwanzo wa kolsaini: ikianza na DL ni Ujerumani, na baada ya hapo lazima ije tarakimu, kwa hiyo kinachofanana na S ni 5. Siku ya tatu hakuuliza tena, akawa ananisahihisha mimi.

Tatizo lilikuwa saa. Miaka ya mwanzo niliandika saa zetu za Kiswahili, saa mbili usiku ikawa 2:00. Baadaye nikahamia saa 24 za hapa nyumbani, 20:00. Kisha mzee mmoja wa redio akaniambia niandike UTC, nikaandika 17:00. Ni saa ile ile, imeandikwa kwa sura tatu, na juu ya kurasa sikuweka alama yoyote ya kuonyesha ni ipi. Tarehe nazo zilikuwa na lake. Kurasa nyingi zimeandikwa "usiku wa kuamkia tarehe 14". Sisi tunaelewa vizuri, lakini kwa UTC usiku huo wote ni tarehe 13 mpaka saa tisa usiku, maana saa tisa yetu ndiyo 00:00 ya dunia.

Basi nikatoa saa tatu. Kwenye programu nilipakua faili la ADIF, lile la maandishi ambalo programu karibu zote za kutunza kumbukumbu za redio zinalisoma, nikapunguza saa tatu kwa rekodi zote, nikalirudisha ndani na kulipandisha LoTW, daftari la mtandaoni la chama cha redio cha Marekani, ARRL. LoTW inathibitisha mawasiliano pale tu saa yangu na ya mwenzangu zinapokaribiana ndani ya dakika 30. Nilitegemea mamia kwa mamia. Zikaja 11. Mbaya zaidi, zile 29,000 za FT8 zilizokuwa sahihi tayari nazo zimesogea, na programu ikaziona ni mpya, ikaziweka kando ya zile za zamani. Nikawa na kila kitu mara mbili. Na LoTW huwezi kufuta ulichopandisha. Nilizima kompyuta, nikatoka nje nikakaa juu ya lile jiwe.

Kilichoniokoa ni boksi la viatu lenye kadi za QSL. Kadi hizo hutumwa kwa posta kuthibitisha mawasiliano, na saa yake huandikwa kwa UTC. Nikazipanga kwa tarehe, nikaanza kutafuta kadi moja kwa kila ukurasa. Kadi ya Finland inasema 17:42, ukurasa wangu unasema 2:40. Hiyo ni saa mbili na dakika arobaini usiku, kwa hiyo ukurasa mzima ni wa Kiswahili. Kadi nyingine inasema 05:12, ukurasa 8:10: ule ni wa saa 24 za nyumbani. Kadi moja inatosha kufungua mistari arobaini. Nikaandika herufi pembeni: K ya Kiswahili, N ya nyumbani, D ya dunia.

Hesabu ya K ni hii, na sikuipata kwa mtu. Mchana ongeza 3. Usiku ongeza 15, ukianza na tarehe ya jioni ile. Ikifika 24 au kupita, toa 24 na tarehe isogee moja. Saa tisa usiku ni 9 na 15, ndiyo 24, siku mpya. Inakaa sawasawa kabisa.

Kurasa zisizo na kadi nilizisoma kwa anga. Bendi ya mita 40, yaani fungu mojawapo la masafa ya redio, mchana kweupe haikufikishi Ulaya, jua linayameza mawimbi hayo. Kwa hiyo ukurasa wenye Italia na Ujerumani mita 40, umeandikwa 2:15, 2:30, 3:05, hauwezi kuwa asubuhi. Ukurasa wa mita 10 wenye Japani saa 2:15 ni asubuhi bila shaka, maana saa mbili usiku yetu ni usiku wa manane kwao na bendi hiyo imelala. Na kurasa za CQ WW, shindano la redio la dunia, zilijitambulisha zenyewe: nilikuwa natuma 59 37, yaani ubora wa mawimbi na kanda, kwa sababu Tanzania iko kanda ya 37 ya redio, na shindano huanza 00:00 UTC Jumamosi. Mstari wa kwanza umeandikwa 9:01. Nikacheka peke yangu kwa furaha.

Safari hii nilifanya kazi kwenye nakala, FT8 nikaziweka kando zisiguswe, na saa ya asili ya kila mstari nikaihifadhi kwenye sehemu ya maelezo. Ukihariri ADIF kwa mkono, angalia ile namba iliyo baada ya jina la sehemu, ni idadi ya herufi. Niliongeza /P, alama ya kituo cha kuhamahama, kwenye kolsaini ya herufi 6 bila kubadili 6 kuwa 8, programu ikasoma sita, /P ikatupwa.

Walioniambia ninunue laptopu mpya kwa sababu programu imekuwa nzito pia walinipoteza. Nilikuwa nimeliweka faili la data kwenye flashi. Nililihamishia kwenye diski ya ndani, likafunguka haraka. Flashi sasa ni ya nakala tu, naiweka kwa kaka yangu Nyegezi, na sinakili kabla ya kufunga programu, maana umeme wetu hukatika bila hodi.

Nilipopandisha upya, zile potofu zilibaki LoTW bila kupata mwenza, hazidhuru. Sahihi zilianza kuthibitishwa usiku ule ule. Kufikia asubuhi zilikuwa zaidi ya 1,900 kutoka kwenye kaunta buku. Binti yangu aliomba tumtafute Mjerumani wa lile swali lake la kwanza. Alikuwepo, na ilikuwa tano.

Kurasa sita bado sijaziingiza. Hazina kadi, na bendi zake zinakubali usiku na mchana. Nimezibana kwa kibanio, nasubiri posta.