Siku moja na mikizi, kalamu na pini

Saa 11 alfajiri. Mzani, ubao wa kupimia, kalamu mbili na pini ya mtandio. Hiyo pini mtaielewa mbele. Hapa Vanga, pwani ya kusini ya Kenya, wengi hudhani nalipwa kukaa bandarini kupiga soga na wavuvi. Soga zipo, sikatai. Ila kazi yenyewe ni kuandika samaki wanaoshushwa: aina, urefu, uzito, na wamevuliwa kwa mtego gani.

Saa 12 hadi saa 3: changu, tafi, pono, pweza wawili. Hao hawana neno.

Saa 4. Bamvua limekupwa, mitumbwi imekwama mbali, wavuvi wanakuja na matenga kichwani, matope magotini. Tenga la kwanza: mikizi. Nikashusha pumzi.

Kila mtu atakwambia mkizi ni mkizi. Kumbe jina hilo moja limebeba samaki kadhaa. Yupo Mugil cephalus, aliyepewa jina hilo na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, mwaka 1758: jicho lake limefunikwa na utando mzito wa mafuta, umebaki mwanya tu penye mboni. Yupo seheli, jicho wazi, na doa jeusi juu ya shina la pezi la ubavuni. Jina lake ni la Kiarabu; mtafiti Forsskål alilichukua kwa watu wa Bahari ya Shamu, akafia Yemen mwaka 1763, kitabu kikatoka 1775. Tangu hapo wataalamu wamemhamisha kutoka kundi la Mugil hadi Valamugil, kisha Moolgarda, na sasa Crenimugil. Mpangaji gani huyo asiyetulia! Yule wa mkia wa manjano uliokatwa wima, mapezi ya ubavuni meusi, hanisumbui kamwe.

Shida ni kwamba tenga hili lilikuwa limepigwa jua. Macho yamefifia yote, utando hauonekani vizuri. Basi inabaki kuhesabu pezi lililo nyuma ya mkundu: miiba mitatu, kisha vijiti laini. Vinane, ni cephalus. Tisa, ni mwingine.

Na mama karanga mmoja, mkaanga samaki wa kuuza, alikuwa ameshawalipia wote.

"Mwanangu, moto wangu unazimika."

"Samaki mmoja tu, shangazi."

Nikamlaza ubaoni. Pezi limegandamana kwa ute, ndipo pini ikaingia kazini: nachambua kijiti kimoja kimoja. Nikapata vinane. Nikarudia, tisa. Nikarudia tena, vinane. Yule mama kanisimamia kichwani, beseni kiunoni, kivuli chake juu ya samaki wangu.

"Wamtafuta nini huko nyuma?"

Wavuvi wakaangua kicheko. Nikafoka, kalamu ikaanguka matopeni. Mzee mmoja akadakia: "Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Za huyu binti ni furaha ya nani?"

Nilipotulia nikaliona kosa. Kijiti cha mwisho kimepasuka hadi shinani, na hicho huhesabiwa kimoja. Vinane. Mugil cephalus, sentimita 34. Nikaandika kwa kalamu ya pili. Wakabaki kumi na watatu, na wote niliwageuza, aseme asemavyo.

Baada ya hapo saa sizijui vizuri. Kulikuwa na adhuhuri, kulikuwa na mvulana aliyeleta vifaranga vya mkizi kwenye chupa akitaka nivitambue. Hivyo vidogo vinadanganya zaidi: kifaranga cha cephalus huonyesha miiba miwili na vijiti tisa, kwa sababu mwiba wa tatu haujakomaa. Nikamwambia arudi kesho. Mgongo ulikuwa umeniambia vivyo hivyo.

Jioni, vidole vikinuka hata baada ya ndimu, nikapita kibandani kwa yule mama. Akanifungia kipande gazetini, cha mkiani, hakutaka pesa.

"Haya, hesabu."

Pezi lilikuwa limekauka kwa mafuta, jeusi, limeshikana. Nikalitafuna.