Kabati la Karakana Lililonifundisha Tabia ya Mbao

Nina karakana ndogo ya baiskeli pale Isevya, mjini Tabora, ambako kwa miaka mingi spana, minyororo, gololi na makopo ya grisi vilikaa kwenye ndoo sakafuni, na kila alipofika mteja nilianza kwa kupekua kabla ya kuigusa kazi yenyewe. Ndipo nilipoamua kujitengenezea kabati la mbao lenye kimo cha sentimita 180, upana wa sentimita 110 na milango miwili. Nilikwisha kutengeneza mabenchi ya wateja na meza ya nyumbani, kwa hiyo niliamini kwamba kabati halitanishinda. Lilinichukua karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kubomoa nilichokuwa nimekwisha kukijenga.

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya siku ya kununua mbao. Kwa ajili ya mwili wa kabati nilichukua mninga mkavu, lakini kwa milango nilitaka kupunguza gharama, nikanunua mbao za mtundu zilizokuwa zimepasuliwa muda mfupi tu uliopita. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua bado zinanyesha, na mbao zile zilikuwa nzito na baridi mkononi. Nilipozipiga randa, maranda yalitoka laini na marefu, yakijikunja bila kukatika, nami nikaufurahia ulaini huo nikidhani ni uzuri wa mti, kumbe yalikuwa ni maji. Niliziunganisha mbao nne kwa kila mlango, nikazipaka gundi ubavuni, kisha nikapigilia vipande viwili vya kukingama kwa nyuma, navyo nikavipaka gundi kutoka mwanzo hadi mwisho ili mlango uwe imara.

Mwezi wa nane, kiangazi kilipokuwa kimekolea, nilifungua karakana asubuhi nikakuta mlango wa kushoto umepasuka kutoka chini hadi kwenye kipande cha kukingama, na ufa wenyewe ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha ncha ya bisibisi. Nilimwita mzee mmoja jirani yangu, seremala wa siku nyingi. Baada ya kumwamkia shikamoo, naye kuitikia marahaba, alipitisha kidole kwenye ufa ule na kuniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mbao hizi ulizianika muda gani?" Sikuwa nimezianika hata siku moja.

Alinieleza jambo ambalo ningefaa kulijua mapema. Ubao unapokauka husinyaa kwa upana, lakini urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana kwa macho. Milango yangu ilikuwa na mbao zilizosimama, ambazo zilitaka kupungua upana, na vipande vya kukingama ambavyo havikuwa na sababu ya kupungua kuelekea upande huo, na kwa kuwa nilikuwa nimevigandisha kwa gundi kila mahali, palipozidiwa nguvu ndipo palipopasuka. Hakuna gundi wala msumari unaoweza kuzuia ubao kusinyaa, na mimi nilikuwa nimejaribu kuuzuia kwa vyote viwili.

Nilianza upya. Mbao mpya nilizipanga kivulini nikiweka vijiti katikati ili hewa ipite, nikazipaka rangi kwenye ncha zisipasuke, na kila Jumamosi nilikipima kipande kimoja kwenye mizani hadi uzito wake ulipoacha kupungua. Safari hii milango niliijenga kwa fremu ya mninga yenye mfuo kwa ndani, na ubao wa katikati nikauchomeka ndani ya mfuo huo bila gundi yoyote, ili uweze kusinyaa na kuvimba bila kuisukuma fremu. Mtu akiubonyeza huusikia ukicheza kidogo, na nawaomba wanaojaribu kazi hii wasiogope mchezo huo, kwa maana ndio unaouponya mlango.

Hata hivyo, niliifunga milango mwezi wa kumi, hewa ikiwa kavu kabisa, nikaacha mwanya mwembamba kama karatasi kwa kuwa nilipenda ionekane nadhifu. Mwezi wa kwanza, mvua zilipokuwa zimeshika, milango ilikwama. Hata mninga, unaosifiwa kwa kutulia, ulikuwa umevimba vya kutosha kuziba mwanya huo. Niliishusha kwenye bawaba, nikairanda kingo na kuacha milimita 3 katikati.

Mwili wa kabati nao ulikuwa na kasoro yake: nilipima kila pembe kwa skwea fupi nikaridhika, lakini nilipovuta futi kamba kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, mshazari mmoja ulizidi mwingine kwa milimita 11. Siku hizi napima mishazari yote miwili kabla gundi haijakauka. Rafu ya katikati, iliyobeba spana na gololi kwa upana wote wa sentimita 110, ilianza kubonyea mapema. Niliweka nguzo katikati, na kwa kuwa nusu ya masafa hupunguza kubonyea mara nane kwa mzigo uleule, haijasogea tena.

Kilichobaki ni droo tatu za chini. Ubao wake uko kivulini nyuma ya karakana, na Jumamosi iliyopita ulikuwa bado umepungua gramu 40, kwa hiyo sijaugusa.